Shoka la Kuazima

Mashoka ya kwa Nathalie hayakati, na hiyo ndiyo sifa yake. Ukiingia karakana ile ya Anderlecht, mjini Brussels, iliyobanwa kati ya ghala la matairi na ghala la friji kuukuu, utayaona yamening'inizwa ukutani: mapana yenye umbo la mwezi mchanga, mengine yenye kidevu kirefu kilichoshuka chini, na madogo ya kurusha. Yote ni nakala za mashoka ya vita ya Ulaya ya kale, enzi za wafalme na ngome za mawe. Wanaoyanunua ni watu wa kawaida kabisa, walimu, mafundi bomba, wauza bima. Mwisho wa juma huvaa fulana za vikuku vya chuma na kofia nzito, wakaenda kupigana kwenye majani mbele ya ngome fulani, huku watoto wa watazamaji wakila vibanzi. Wanapigana kweli, mpaka jasho linawatoka puani, lakini hakuna anayetakiwa kuumia. Ndiyo maana shoka la kwa Nathalie huachwa na ukingo mnene kama sarafu, na pembe zake huviringwa kama ncha ya kijiko.

Kazi ya Mathilde ilikuwa kuhakikisha hilo. Kila shoka lililokamilika lilipita mikononi mwake. Aliliweka mezani, akalipaka mafuta, kisha akauvuta ukingo wake juu ya kiganja chake mwenyewe, kwa nguvu, toka kwenye vidole mpaka kwenye kifundo. Nathalie alimfundisha hivyo siku ya kwanza. "Kama unaogopa kulivuta kwenye mkono wako," alimwambia, "huwezi kumpa mtu akampige nalo rafiki yake." Mathilde alilipenda neno hilo. Alikuwa amefanya kazi nyingi Brussels, za kufagia na za kugeuza wazee kitandani, na hakuna hata moja iliyokuwa na sheria fupi na safi namna hiyo.

Baba yake alipoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akashika ubavu, akamwita maman, kama wanavyoitwa mabinti kwao.

"Weye maman, ngoja kwanza. Muntu anatoa makuta yake, ananunua shoka ya kukataa kukata?"

"Njo vile, papa."

"Na anafurahi?"

"Anafurahi sana. Anapiga nayo picha."

"Bazungu!" alisema mzee, akapangusa machozi. "Bon. Kila muntu na ugonjwa yake."

Huyo ndiye Papa Bertin. Bukavu alikuwa na kibanda chake pembeni mwa soko la Kadutu, na kwa maisha yake yote alichonga mipini: ya majembe, ya mashoka, ya nyundo za wavunja mawe. Hakuwahi kujenga nyumba kubwa, lakini mlima mzima ulilima kwa mikono iliyoshika mipini yake. Vita ilipoingia mjini, kibanda kikaungua na wateja wakatawanyika. Mathilde, mtoto wake pekee aliyebaki hai, alihangaika huku na huko mpaka akampata, akamleta Ubelgiji. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanasubiriwa. Kwa muda huo hakuruhusiwa kufanya kazi yoyote.

Alikaa basi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, juu kabisa kwenye jengo lao la ghorofa, akitazama treni za metro zikitokeza na kupotea. Mathilde akitoka asubuhi humwacha pale, akirudi humkuta pale. Alikula alichopewa. Aliposemeshwa alijibu. Lakini mikono yake ilikuwa inamtisha binti yake. Ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, kama vitu ambavyo mtu amepewa ashike kidogo na mwenyewe hajarudi kuvichukua.

Ndipo siku moja, bila kuwaza sana, Mathilde akarudi nyumbani na mpini uliokataliwa. Ulikuwa umepinda vibaya, Nathalie alitaka kuutupa. Papa Bertin aliupokea, akaunusa, akauweka sawa na jicho kama mtu anayelenga shabaha.

"Nani alikata hii?"

"Mashine, papa."

"Mashine haina macho. Iliacha mishipa ya muti inatoka pembeni. Ile itavunjika hapa." Akaonyesha kwa ukucha. "Nipe kisu."

Kesho yake mpini ulikuwa umenyooka, na Nathalie aliugeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Halafu akauliza umetoka wapi. Mathilde akamwambia. Nathalie si mtu mbaya. Alikuna kichwa, akatazama mlango, akasema kwamba hakusikia jibu hilo, lakini kama mipini mingine ingetaka kwenda kutembea nyumbani kwa Mathilde na kurudi, yeye hataizuia.

Hivyo ndivyo mzee alivyofufuka. Hapana neno jingine. Alitandika shuka kuukuu jikoni, akapanga vipande vya chupa vya kukwangulia, patasi na tupa, na nyumba ikaanza kunuka mbao na mafuta. Asubuhi alikuwa ameamka kabla ya binti yake. Alipiga mluzi. Alimgombeza kwa chumvi nyingi kwenye sombe ya majani ya muhogo, na Mathilde alifurahi kugombezwa. Vichwa vya mashoka vililetwa pia, ili akaze mipini kwa kabari, na hapo Mathilde alimweleza sheria kwa makini, akiushika mkono wake na kuupitisha juu ya ukingo butu.

"Papa, hapa usiguse. Hata kidogo. Hizi ni za mchezo. Ukitia makali, unaua muntu."

"Nilisikia, maman. Miye si mutoto."

Na kweli hakugusa. Mashoka yote ya kuuza yaliyopita jikoni kwake yalirudi karakana yakiwa butu kama yalivyotoka. Kila moja Mathilde alilivuta kwenye kiganja chake, na hakuwahi kupata hata alama nyekundu.

* * *

Antoine alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamume mrefu mpole, mwalimu wa jiografia, kiongozi wa kikundi kimoja cha hao wapiganaji wa Jumapili. Alikuwa na shoka ambalo hakulinunua kwa Nathalie. Lilitengenezwa na fundi mmoja wa kusini ambaye alishakufa, na mpini wake ulikuwa na mkunjo mdogo karibu na mwisho, mkunjo ambao ulilifanya litulie mkononi kama limezaliwa hapo. Nathalie alitaka kuunakili. Antoine akakubali kuliacha shoka lake kwa muda. Lilikuwa butu kama mengine. Alikuwa amepigana nalo miaka mingi, na ukingo wake ulikuwa umejaa mabonde madogo ya kugongana na chuma cha wenzake.

Mathilde akalipeleka nyumbani. Papa Bertin aliligeuza huku na huku, akaupapasa ule mkunjo, akaguna kwa heshima.

"Huyu alijua kazi," alisema. "Hii ni ya kuuza ao ni ya muntu?"

"Ni ya muntu. Alituazima tu, utazame mupini, halafu tutamurudishia."

"Ah. Alituazima."

"Njo vile."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepewa maelekezo kamili, na Mathilde akaenda kupika.

Sasa, kwa watu wa upande ule wa Bukavu alikozaliwa Papa Bertin, shoka la kuazima lina adabu yake. Ukiazima shoka la jirani ukapasulia kuni zako, hulirudishi kama ulivyolichukua. Unalinoa kwanza. Unafuta mabonde, unalipaka mafuta na masizi lisishike kutu, unalifunga kwenye jani au kitambaa, ndipo unalipeleka. Ukilirudisha butu, jirani hatakwambia neno. Atalipokea, atakushukuru, na siku nyingine ukienda kuazima atakujibu kwamba mpini umevunjika, na mpini utaendelea kuvunjika mpaka wewe ufe. Na jirani naye ana deni lake la adabu: akishalijaribu shoka kwenye nywele za mkono wake na kuona limenyoa, lazima akutumie neno. Hata kama ni mtoto anayepita, atamwambia, ukifika kwa fulani, mwambie nimeona.

Mathilde aliijua adabu hiyo. Alikua ndani yake. Lakini alikuwa ameishi Brussels muda mrefu kiasi kwamba vitu alivyovijua utotoni vilikuwa vimewekwa mahali pa mbali kichwani, na mtu haendi kuvitafuta kila saa. Alichokumbuka ni kwamba alimkataza baba yake kutia makali. Hakukumbuka kwamba alimkataza kwa mashoka ya kuuza, na kwamba hili, kwa mdomo wake mwenyewe, alilitoa kwenye kundi hilo.

Mzee alimaliza mpini wa nakala. Halafu, binti yake akiwa kazini, akashika tupa na kulishughulikia deni. Chuma kilikuwa kizuri, kilimkubali. Alitoa mabonde yote. Alishusha unene wa ukingo pande mbili, polepole, akamalizia kwa kinoo na mate, na mwisho akapaka mafuta yenye masizi ya mshumaa mpaka ukingo wote ukawa mweusi sawa na mwili wa shoka. Akalirudisha ndani ya ala yake ya ngozi, akafunga kifungo.

Jumamosi Antoine alipita karakana kulichukua. Mathilde alimkabidhi likiwa ndani ya ala. Halikuwa shoka la karakana, hakuna aliyelifanyia chochote, kwa nini alifungue? Antoine alishukuru, akalitia begani, akaondoka akipiga mluzi.

* * *

Mazoezi yao yalikuwa Jumapili, kwenye ukumbi wa michezo uliokodishwa. Siku za maonyesho kuna mtu anayekagua silaha moja moja kabla ya watu kuingia uwanjani. Siku za mazoezi, kati ya marafiki, kila mtu hukagua yake. Na nani atakagua shoka ambalo amelishika miaka kumi? Antoine alilitoa kwenye ala, akalipima mkononi kama kawaida, akamkabili kijana mmoja aitwaye Joris. Joris alikuwa na ngao mkono wa kushoto. Lilikuwa pigo la mazoezi tu, la polepole, alilotakiwa kulikwepa. Alichelewa kidogo, kama walivyokuwa wakichelewa wote kila Jumapili na kupata uvimbe wa kuchekwa. Shoka lilimpata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kwenye glavu ya ngozi. Glavu ilipasuka, na kilichokuwa chini yake pia.

Jumatatu asubuhi Antoine aliingia karakana akiwa amevaa nguo za jana. Aliliweka shoka mezani, limefungwa kwenye taulo.

"Nataka mnieleze," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo sana. "Sipigi kelele. Nataka tu mtu anieleze. Limempasua Joris mkono."

Nathalie alifungua taulo. Alisogeza kidole, akakirudisha haraka.

Mathilde alikuwa nyuma yake. Hakuhitaji kuligusa. Mahali ambapo damu ilipanguswa, masizi yalikuwa yametoka, na chini yake alama za tupa zilionekana, mistari myembamba iliyolala kwa mshazari upande mmoja, kwa sababu anayeishika tupa hiyo alivunjika kidole gumba ujanani na hukigeuzia ndani. Mathilde alikuwa ameiona mistari hiyo kwenye kila jembe la utoto wake.

"Vipi mkono wake?" aliuliza Nathalie.

"Wamemshona kule Jette, kwenye hospitali kubwa. Wamefanya walichoweza. Wanasema mishipa ya vidole ilikatika yote. Atabaki na mkono, lakini mkono hautashika kitu." Antoine aliangalia vidole vyake mwenyewe. "Anaoka mikate. Kule Flagey. Ameshaanza kuniomba msamaha kwa kuchelewa kukwepa. Yeye, ananiomba mimi."

Nathalie alikuwa anamtazama Mathilde, na Mathilde aliona jinsi macho yake yalivyoanza kufika mahali ambapo hayakutakiwa kufika: ghorofa ya juu, shuka jikoni, mzee bila makaratasi.

"Ni mimi," alisema Mathilde. "Nililinoa mimi. Lilikuwa na mabonde, nikafikiri utafurahi likirudi zuri. Nisamehe."

Antoine alimwangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alilifunga shoka lake kwenye taulo, akasema atalipeleka polisi kwa sababu bima ya kikundi inataka hivyo, akatoka.

"Haikuwa wewe," alisema Nathalie mlango ulipofungwa.

"Ilikuwa mimi."

Nathalie hakuuliza tena. Alivua miwani yake, akakaa juu ya sanduku, na baada ya muda akamwambia Mathilde aende nyumbani, asubiri kuitwa na polisi, na kwamba kazi, kwa kweli, kazi imekwisha.

* * *

Papa Bertin alimsubiri mlangoni.

"Ule muzungu alikuya?"

"Alikuya, papa."

"Alisema nini?"

Mathilde alikuwa anavua viatu. Alivivua polepole, akaweka kimoja hapa, kingine pale.

"Alisema aksanti."

"Aksanti tu? Hakusema kitu ya makali?"

"Alikuwa na haraka."

"Ah bon." Mzee alirudi jikoni. Baadaye, wakila, alisema kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, "Kwetu muntu angesema."

Mathilde alikuwa amedhani kwamba akinyamaza atamlinda baba yake. Hilo ndilo kosa alilolirudia kila siku iliyofuata. Alienda polisi, akajibu maswali, akasema mimi, mimi, mimi. Akarudi, akamwambia mzee kwamba alikuwa sokoni. Hakuleta mpini mwingine. Alisema maagizo yamepungua. Mzee alikubali kwa siku chache. Halafu akaanza kutafuta sababu, na kwa kuwa ni mtu ambaye huanza na yake mwenyewe, hakwenda mbali.

"Mipini ilivunjika," alimwambia asubuhi moja.

"Hapana, papa."

"Sema kweli. Muti ya huku sijaizoea. Labda niliikausha vibaya. Ni ngapi ilivunjika?"

"Hata moja."

"Unanificha. Ule muzungu naye hajatuma neno. Njo kusema kazi ilikuwa mubaya." Alitazama mikono yake. "Hata miye nilikuwa nasikia vidole havina nguvu kama zamani. Sikukuambia."

Aliacha kuamka mapema. Akaikunja ile shuka ya jikoni, akaiweka kabatini. Kiti cha dirishani kikampokea tena, lakini safari hii haikuwa kama mwanzo. Mwanzo alikuwa mtu aliyepoteza kibanda kwa vita. Sasa alikuwa mtu aliyejaribiwa na kuonekana hafai. Usiku Mathilde alimsikia akikohoa kikohozi cha mtu ambaye hana usingizi. Alikataa kwenda kanisani, yeye ambaye hata risasi hazikumzuia. Alisema watu watamwuliza anafanya nini siku hizi.

Mathilde alipima. Upande huu kulikuwa na uongo uliokuwa unamla baba yake kwa jambo ambalo hakulikosea. Upande ule kulikuwa na ukweli kuhusu jambo alilolifanya vizuri mno. Hakuona upande wenye mlango. Mwishowe aliona kwamba mtu akifa, afe kwa jambo alilolifanya kweli.

Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwambia yote. Kwamba mipini ilikuwa mizuri, Nathalie bado ameitundika ukutani. Kwamba shoka la Antoine halikutakiwa kuwa na makali. Kwamba kuna kijana.

Alipomaliza, mzee aliuliza:

"Mukono gani?"

"Wa kuume."

"Anafanya kazi gani?"

"Anaoka mikate."

Alifumba macho. Mathilde aliona vidole vyake vikisogea kidogo gotini, kana kwamba vinajaribu kukanda unga na kushindwa.

"Na batu banajua ni nani alinoa?"

"Banajua ni miye."

Alifumbua macho. "Weye?"

"Niliwaambia ni miye, papa. Juu ya makaratasi yako. Bangekurudisha."

Alikuwa ametarajia machozi, au baraka, au hasira. Mzee alisimama, akashika ukingo wa dirisha, akakaa hivyo akiwa amempa mgongo.

"Ulinichukulia," alisema hatimaye. "Ile ubaya ilikuwa yangu, na ukanichukulia. Sasa niko na nini?" Halafu, bila kugeuka: "Vaa. Tunaenda kwa huyo mama. Kazi ilitoka kwake, ataniambia nyumba ya ule kijana iko wapi. Nitasimama mbele yake anione."

* * *

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Papa Bertin kufika karakana. Alivaa koti la suti, kofia mkononi. Alipoingia alisimama, kwa sababu ukutani mbele yake, kutoka kona hadi kona, ilikuwepo mipini yake, imepakwa mafuta, iking'aa. Uso wake ulifunguka kwa muda mfupi sana, halafu akaufunga mwenyewe.

Nathalie aliwaona. Alienda moja kwa moja kufunga mlango wa barabarani.

Mzee aliongea kwa Kiswahili, polepole, akiacha nafasi ili binti yake atafsiri. Alisema yeye ni Bertin, mwana wa mchonga mipini. Alisema shoka alilinoa yeye, kwa tupa yake, akiwa na akili timamu, kwa sababu lilikuwa la kuazima. Alisema binti yake alidanganya kwa kumpenda. Alisema anataka kupelekwa kwa Joris, na kwa polisi, kwa utaratibu wowote anaoutaka mama.

Mathilde alitafsiri yote. Hakupunguza.

Nathalie alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Alipojibu, alimjibu Mathilde, na sauti yake ilikuwa imechoka.

"Mwambie asikilize. Mfanyakazi wangu aliyeandikishwa akikosea, bima inamlipa Joris. Inalipa mkono, inalipa miaka ambayo hataoka. Lakini kama ni mzee asiyeandikishwa, anafanya kazi jikoni kwake kwa kificho, bima hailipi hata bendeji. Karakana inafungwa, Joris habaki na kitu, na baba yako anapandishwa ndege. Unanielewa? Mwambie hakuwahi kunifanyia kazi. Hakuwahi kufika hapa."

Mathilde alitafsiri. Kila neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilikuwa zito kulibeba.

Papa Bertin alinyoosha kidole ukutani. "Na hii mipini?"

"Anauliza mipini," alisema Mathilde.

Nathalie aliangalia chini. "Ni ya mashine," alisema. "Akija mtu kuuliza, ni ya mashine."

Mathilde alisita hapo. Angeweza kusema kitu kingine. Mzee hakujua Kifaransa cha kutosha. Lakini alikuwa ameshamdanganya vya kutosha.

"Anasema batasema ni mashine ilitengeneza."

Mzee akatikisa kichwa. "Na ule kijana? Hata kumuona tu. Sitasema kitu. Nitasimama tu."

"Hapana," alisema Nathalie kabla haijatafsiriwa, kwa kuwa alikuwa ameyaelewa macho ya mzee. "Naomba. Hapana."

Papa Bertin alimpima Nathalie kwa macho, kwa utulivu ule ule aliopimia mti kabla ya kuukata.

"Bon," alisema. "Muulize, kwa huyu mama, miye niko nani?"

Mathilde aliuliza. Nathalie alifuta macho kwa mkono wenye mafuta, ukamwachia doa jeusi shavuni.

"Ni baba yako," alisema. "Alikuwa anapita, amekuja kukuona."

Mathilde alipomwambia hivyo, mzee aliihamisha kofia yake mkono wa kushoto. Alipiga hatua mbele, akanyoosha ule wa kulia, akainama kidogo kama inavyompasa mgeni katika nyumba ya watu.

"Bonjour, madame," alisema. "Bertin."

Nathalie aliupokea mkono huo. Hakujua auachie lini.

Walirudi kwa metro. Mathilde alimpa kiti cha dirishani, na mzee akakaa akiwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili, magoti pamoja, asimguse jirani. Nyumbani alimwekea chakula mezani. Mzee alishukuru kwa adabu, akauliza kama anaweza kukaa. Hakuvua koti.

"Papa, vua koti, ni nyumbani."

"Niko muzuri, maman. Usijisumbue."

Alikula kidogo, akaweka kijiko kando ya sahani, akamsifu mpishi. Kisha akageuza kiti chake kidogo kuelekea mlangoni, kama mgeni anayengoja wakati wa kuaga.